Kana au steringi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu usukani wa mashua ya tanga, Kigoma

Majibu haya ni ya wenye mashua za tanga za mita 5 hadi 12 katika Ziwa Tanganyika upande wa Kigoma: zile zinazovutwa mchangani Ujiji, Katonga na Kibirizi, na chache zinazolala kwenye nanga. Mwenye haraka achukue hili: chini ya mita 8, weka kana. Kati ya mita 8 na 10, rekebisha usukani kwanza ndipo ufikirie steringi. Juu ya hapo, hasa ukibeba abiria, steringi inaanza kurudisha gharama yake. Anayetaka sababu na vipimo aendelee.

Kana ndiyo nini? Huku tunasema mkono wa usukani.

Ni kitu kilekile. Kana ni neno la watu wa pwani, nasi tumelichukua kwa sababu ni fupi na halichanganywi na mkono wa mashine. Usukani, humu, ni ule ubao wenyewe ulio majini, ingawa kwenye gari neno hilohilo hutaja gurudumu. Kana ni gongo lililochomekwa kwenye kichwa cha usukani. Steringi ni gurudumu, nalo haligusi usukani moja kwa moja: katikati kuna mnyororo, waya, kapi na kipande cha chuma chenye umbo la robo duara kilichobanwa kwenye mhimili wa usukani.

Maneno mengine yatakayorudi: joshini ni upande unakotoka upepo, demani ni upande unakoelekea. Omo ni mbele, tezi ni nyuma.

Kwa nini nikisukuma kana kushoto mashua inakwenda kulia?

Kwa sababu kana iko mbele ya bawaba na ubao uko nyuma yake, kama mti wa pembea. Kana ikienda kushoto, ubao unakwenda kulia, maji yanausukuma, tezi inatupwa kushoto na omo inageuka kulia. Aliyewahi kushika mkono wa mashine ya nyuma kwenye boti za Kibirizi hana la kujifunza hapa; kanuni ni hiyohiyo na mkono wake unaijua tayari. Wanaopata shida ni madereva wa magari. Wape nusu saa karibu na ufukwe, upepo mdogo, na neno moja tu la kukumbuka: sukuma kana kuelekea tanga, mashua inatazama upepo, ivute mbali na tanga, mashua inaukimbia upepo.

Hili lina uzito katika uchaguzi wako kuliko watu wanavyodhani. Kama mabaharia wako wote wametoka kwenye mashine za nyuma, kana haina mafunzo mapya. Steringi inayo.

Urefu gani wa mashua ndio mpaka?

Urefu peke yake haumalizi neno. Mashua ya mita 9 iliyo nyembamba na nyepesi inaongozwa kwa vidole viwili kwenye kana, na ya mita 7 iliyojaa mahindi na saruji inaweza kumvunja mtu bega. Angalia vitu vinne kwa pamoja: uzito wa chombo kikiwa na mzigo, upana wa ubao wa usukani, mahali bawaba zilipo, na nafasi ya kukaa huko tezi.

Watu hutolea mfano Liemba. Meli ile ya 1915 ina urefu wa mita 70 na kitu. Gongo la kuigeuza kwa mkono halipo duniani. Mashua yako si Liemba.

Kana yangu ni nzito hadi mkono unakufa ganzi. Steringi itaponya?

Hapana, itaficha. Hili ndilo swali linaloleta watu wengi kwenye steringi, na mara nyingi jibu liko kwenye tanga au kwenye ubao wa usukani.

Pima kwanza. Mashua ikienda vizuri, upepo ukiwa wa ubavuni kuelekea mbele, angalia kana imesogea kiasi gani kutoka mstari wa katikati ili chombo kiende moja kwa moja. Kwa kana ya mita 1.2, sentimita 10 pembeni ni kama digrii 5, na hapo ni pazuri: mashua inavuta joshini kidogo, jambo linalotakiwa, maana ukiiachia itageukia upepo na kusimama yenyewe. Sentimita 20 ni karibu digrii 10, na sasa usukani unafanya kazi ya breki. Sentimita 30 ni kusema unaburuta mlango majini.

Ikiwa umevuka sentimita 10, jaribu kwa mpangilio huu, jambo moja kwa safari moja, usichanganye:

1. Punguza tanga. Mashua ikilala sana upande, hugeukia upepo yenyewe hata usukani ungekuwa wa dhahabu.
2. Sogeza uzito nyuma. Magunia yaliyorundikwa omo huzamisha pua, na pua iliyozama hushika maji na kuvuta joshini.
3. Simamisha mlingoti. Ukiwa umelalia nyuma, ulete mbele kwa kukaza kamba ya omo, ncha ya juu isogee sentimita 3 kwa jaribio moja. Kwa tanga la pembetatu lenye foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, sogeza foromali mbele kwenye mlingoti.
4. Tazama tanga lenyewe. Tanga la zamani lililotanuka na kuwa na tumbo kama turubai la maji halirekebishwi kwa kamba.
5. Mwisho, toa usukani uutazame.

Ubao wa usukani mwingi hapa ni ubao uliokatwa mraba pande zote nne. Ukingo wa mbele uwe mviringo kama yai, na wa nyuma upunguzwe hadi milimita 4 hivi, ukatwe bapa, usiwe mkali kama kisu. Kazi ya randa ya asubuhi moja, na mtetemo unaosikika mkononi mwendo ukiongezeka kwa kawaida huishia hapo.

Tuonyesheni kwa hesabu: steringi inapunguza uzito kiasi gani?

Chukua usukani wenye upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 75, umening'inia kwenye bawaba zilizo ukingoni kabisa. Mwendo ni fundo 5, yaani kama kilomita 9 kwa saa, na usukani umegeuzwa digrii 10 hivi. Maji yanausukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 50, na nguvu hiyo inakaa kama sentimita 13 nyuma ya bawaba.

Kwa kana ya sentimita 80: 50 × 13 ÷ 80, unapata kilo 8 mkononi. Kwa kana ya sentimita 120: kilo 5 na nusu. Umepunguza theluthi nzima kwa kurefusha mti.

Sasa steringi. Robo duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 20, sproketi (gia ya mnyororo) yenye nusu kipenyo cha sentimita 3, gurudumu la upana wa sentimita 70. Waya unavutwa kwa 50 × 13 ÷ 20, kilo 32 na nusu. Kwenye ukingo wa gurudumu: 32.5 × 3 ÷ 35, karibu kilo 2.8. Ongeza msuguano wa kapi na mnyororo, utakuta kilo 3 na kitu. Ni sawa na kushika kana ya mita 2.3, iliyokunjwa ikaingia kwenye gurudumu. Faida ipo.

Lakini tazama njia ya tatu. Acha kana ya sentimita 120 ilivyo, ila tengeneza ubao wa usukani ili sentimita 6 za upana wake zitangulie mbele ya mstari wa bawaba, chini ya chombo. Nguvu ya maji sasa iko sentimita 7 nyuma ya mhimili badala ya 13. 50 × 7 ÷ 120: kilo 2.9. Umefika palepale pa steringi kwa ubao mmoja na misumari.

Usizidishe tamaa. Asilimia 15 ya upana ni salama, 20 ni mwisho. Ukizidisha hapo usukani unaweza kukimbia wenyewe upande mmoja na kugoma kurudi, na kana inayokunyang'anya mkono ni hatari kuliko kana nzito.

Kumbuka pia kwamba nguvu hupanda kwa mraba wa mwendo. Fundo 5 ikiwa 7, kilo zako zinakaribia kuwa mara mbili. Ndiyo maana kana iliyo nyepesi mwezi wa Februari inakuwa mnyama kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki unapovuma.

Mashua yangu inapandishwa mchangani kila siku. Hilo linabadilisha kitu?

Linabadilisha kila kitu. Kwa wengi wa Ujiji na Kibirizi swali linaishia hapa.

Usukani wa kuning'inia tezi, wenye kana, unauinua na kuutoa ukiwa bado kwenye maji ya kiunoni. Usukani wa steringi kwa kawaida una mhimili unaopita chini ya chombo. Ukigusa mchanga, uzito wote wa mashua unakaa juu ya mhimili huo. Unapinda kidogo tu, milimita chache, halafu unaanza kukwama kwenye bushi, ile pete unamozungukia. Fundi anaambiwa "steringi imekuwa ngumu," anatia girisi, haisaidii kitu.

Kama lazima uwe na steringi na lazima upande mchangani, mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, urefushwe nyuma na bamba la chuma litokeze chini ya usukani ili ligonge kwanza, tena bamba liwe chini ya ncha ya usukani kwa sentimita 5 au zaidi.

Bawaba za usukani wa kana zikaeje?

Mbili kwa uchache, tatu kwa mashua ya zaidi ya mita 7, na ziwe mbalimbali kadiri urefu wa tezi unavyoruhusu. Pini ya chini iwe ndefu kuliko ya juu kwa milimita 25. Sababu utaijua siku ya kwanza ya mawimbi: unalenga tundu moja kwanza, likishaingia ndipo unalenga la pili. Pini zikilingana utalenga mawili kwa mpigo huku mashua inarukaruka, na kidole kitakuwa katikati.

Weka kizuizi juu ya pini ya juu, spliti pini au kipande cha bapa kinachozunguka. Usukani wa mbao unaelea. Wimbi likiunyanyua kutoka chini unachomoka na kwenda zake. Ufunge na kamba pia.

Kwenye pini usipake girisi kama unapanda mchangani. Girisi hukusanya mchanga na kuwa msasa. Paka nta ya nyuki. Ile ya Tabora inayouzwa kwa mabonge ni nzuri kabisa. Pasha pini kidogo, sugua bonge, basi.

Kana itengenezwe kwa mti gani, na kwa vipimo gani?

Mninga. Haupindi ovyo, hauozi upesi, na fundi yeyote wa Kigoma au Tabora anaujua. Mvule pia unafaa. Mkaratusi mbichi hupasuka ukikauka, uache. Chagua ubao ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja mwanzo hadi mwisho, bila fundo katika sentimita 40 za upande wa kichwa, maana ndipo kana huvunjika.

Kwa mashua ya mita 6 hadi 8: urefu mita 1.2, kichwani milimita 60 kwa kimo na 50 kwa upana, ukipunguza taratibu hadi mviringo wa milimita 32 mahali pa kushika. Mtu mwenye mkono mkubwa aende 35. Ikiwa unataka iliyopinda kwenda juu ili ipite magoti, usiikate kutoka ubao mmoja uliopinda, kwa sababu nyuzi zitakatwa njiani. Gundisha vipande vitano au sita vya milimita 10 kwa epoksi kwenye kalibu, ubane kwa klempu kila sentimita 15, uache siku mbili kabla ya kugusa. Epoksi agiza mapema, njia ya reli kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200.

Vanishi hupasuka haraka kwa jua letu. Mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, mikono mitatu, na kurudia kila baada ya miezi mitatu, hukaa vizuri zaidi na hayatelezi ukiwa na mikono yenye maji.

Kana inacheza kichwani hata nikikaza nati. Kwa nini?

Tundu la bolti limeshakuwa yai. Kulegea kwa milimita 1 kwenye bolti iliyo sentimita 10 kutoka kwenye mhimili ni milimita 12 kwenye ncha ya kana, na kukaza nati hakujazi tundu. Toboa tundu liwe kubwa, tia bushi ya shaba nyeupe au bomba dogo la chuma, lijaze pembeni kwa epoksi, kisha bolti ya milimita 12 ipite ndani ya bushi. Nje weka mashavu mawili ya bapa la chuma la milimita 5 na washa pana. Sasa chuma kinasuguana na chuma, mbao imepumzika.

Nikichagua steringi, ninahitaji vipande gani?

Gurudumu, nguzo ya kulibeba, shafti na beringi zake mbili, sproketi, mnyororo wenye urefu wa sentimita 60 hivi, ambao kila ncha imeungwa na waya, waya wa stenlesi wa milimita 5 wenye nyuzi 7 za waya 19 kila mmoja, maana wenye waya chache nene hukatika ukikunjwa kila siku, kapi nne au sita za kipenyo cha milimita 100, robo duara, vikazio viwili vya waya, vizuizi, na kana ya dharura. Ukihesabu na bolti zake, vipande vinapita 40. Kana ina sita.

Vinavyokosewa zaidi ni viwili.

Kapi ndogo. Fundi anaweka kapi za milimita 40 kwa sababu ndizo zilizopo, na waya unakunjwa kwa pembe kali mpaka nyuzi zinaanza kukatika moja moja. Tena kapi isimame sawasawa na njia ya waya. Ikiwa imepinda kidogo tu, waya unasaga ukingo wake na utaona unga mweusi chini.

Vizuizi. Usukani usizidi digrii 35 kila upande, na kinachouzuia kiwe kwenye robo duara yenyewe, gogo au chuma kilichofungwa kwenye mataruma, yaani mbavu za mashua. Ukiacha mnyororo ndio uwe kizuizi, siku mashua itakaporudi kinyumenyume kwa wimbi, maji yatapiga usukani upande wa nyuma na mnyororo utakatika au robo duara itazunguka kwenye mhimili.

Mnyororo wa pikipiki unafaa?

Unafaa kwa mashua hadi mita 9. Ule wa namba 428, wenye hatua ya milimita 12.7, unaingia kwenye pikipiki nyingi za bodaboda na una nguvu kupita mahitaji yako. Sproketi ya mbele ya meno 15 ina nusu kipenyo cha sentimita 3, ndiyo tuliyotumia kwenye hesabu ya juu. Kwa robo duara ya sentimita 20 unapata mzunguko mmoja na robo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Vizuri. Zaidi ya mizunguko mitatu ni polepole mno kwa mawimbi ya nyuma.

Tumia mpya. Kiungio cha kufungia, kile chenye klipu, kitazamwe kila wiki. Upande uliofumba wa klipu hauna mwelekeo maalumu hapa kwa kuwa mnyororo unakwenda na kurudi, hivyo ifunge kwa waya mwembamba. Na usiweke dira juu ya nguzo yenye chuma hicho. Isogeze mita moja, la sivyo itakuelekeza Kalemie wakati unakwenda Gombe.

Waya wa klachi au breki za pikipiki usiutumie. Ni mwembamba na haukutengenezwa kupita kwenye kapi.

Nimefunga kila kitu, ninageuza kulia mashua inakwenda kushoto.

Waya zimeingia pande zisizo zake. Zivushe zipishane mara moja chini ya nguzo, bila kugusana. Hili lijaribiwe nchi kavu: geuza gurudumu kulia, mtu wa nyuma aangalie ukingo wa nyuma wa usukani. Lazima uende kulia.

Waya unakaguliwaje?

Funga gurudumu likiwa katikati, nenda kwenye robo duara, itikise kwa mkono. Isisogee. Kisha fungua, geuza gurudumu kwa kidole kimoja. Lizunguke bila kukwama. Likishindwa la kwanza, waya umelegea. Likishindwa la pili, umekaza mno au kapi imekufa.

Halafu chukua tambara la pamba, lizungushe kwenye waya, ulivute taratibu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Likinasa mahali, kuna uzi umekatika. Waya wa stenlesi hauonyeshi kutu kabla ya kufa kama ule wa chuma cha kawaida. Dalili ni hiyo ya tambara, na ukiikuta badilisha waya wote wa pande mbili. Angalia zaidi kwenye kapi na kwenye ncha.

Nchani weka klempu tatu, zikiachana milimita 35. Kitako cha klempu kikae upande wa waya unaobeba mzigo, na ile U ibane upande wa mkia. Ukigeuza, U inaponda waya unaofanya kazi. Kaza upya baada ya safari ya kwanza, waya mpya hutanuka.

Na steringi ya haidroli, inayosukumwa na mafuta?

Kwa mashua ya tanga ya ukubwa huu, hapana. Mafuta hayapeleki habari mkononi. Hutajua kama usukani unavuta joshini au umenasa wavu. Iache kwa boti za mashine.

Kuna njia ya katikati, ya kamba na ngoma?

Ipo, na ni ya zamani. Kamba ya polista ya milimita 8 inazungushwa mara tano kwenye ngoma ya mbao nyuma ya gurudumu, ncha mbili zinapita kwenye kapi za pembeni na kufungwa kwenye kana. Vyote vinapatikana Kigoma. Kasoro yake: ncha ya kana hupita kwenye upinde, kwa hiyo ikifika pembeni kabisa kamba inalegea. Weka kipande cha mpira wa tyubu kwenye kila upande kinyonye ulegevu, na kana ibaki mahali pake. Kamba ikikatika, unashika kana unaendelea.

Waya wa steringi ukikatika katikati ya ziwa?

Legeza tanga kwanza. Mashua itageukia upepo na kupunguza mwendo, ndipo unapata muda. Kisha kana ya dharura: bomba la GI la inchi moja na nusu, refu si chini ya mita moja, lenye soketi ya mraba iliyochomelewa ili ikae juu ya kichwa cha mhimili. Kabla hujalipa fundi, iweke na uizungushe hadi mwisho wa pande zote mbili. Nyingi zinagonga nguzo ya steringi na kusimama digrii 15, maana ilipimwa mashua ikiwa karakana bila nguzo.

Mahali pake ni karibu na mshika steringi, ifungwe kwa kamba ya kuvuta mara moja. Ikiwa chini ya magunia ya dagaa, ni kama haipo.

Na kana ikivunjika?

Kasia. Lifunge nyuma kwenye tundu la usukani au kwenye kishikio upande wa tezi, uongoze nalo. Ikiwa kilichovunjika ni kana tu na usukani ni mzima, kipande cha bomba au hata mpini wa jembe uliofungwa kwenye mashavu ya kichwa utakufikisha nyumbani.

Usiku napita kwenye nyavu za dagaa. Ipi salama zaidi?

Kana. Usukani ukigusa wavu au kamba ya chombo, mkono unasikia hapohapo: kana inakuwa nzito upande mmoja bila sababu ya upepo. Kwenye steringi habari hiyo inapita kwenye mnyororo na kapi na kufika imechoka. Ukinasa, usigeuze; unauzungushia wavu. Legeza tanga, inua usukani, acha mashua iteleze. Usiku usio na mwezi ndio wenye taa nyingi majini, na kila taa ina nyavu chini yake.

Naweza kuachia kana nikanywe chai?

Kwa dakika chache, ndiyo, ukienda kwa upepo wa ubavuni. Chukua kamba nyembamba, ifunge kwa fundo la kuteleza kwenye kamba inayovuta tanga, uipitishe kwenye kapi iliyo joshini hadi kwenye kana. Upande wa pili, wa demani, funga kana kwa mipira miwili au mitatu ya tyubu ya baiskeli. Upepo ukiongezeka, kamba ya tanga inavutika, inavuta kana joshini, mashua inaukimbia upepo kidogo. Upepo ukipungua, mpira unairudisha. Utacheza na idadi ya mipira kwa nusu saa mpaka ikae. Kwenye steringi mpango huu unasumbua sana, kwa sababu msuguano unameza ile nguvu ndogo ya mpira.

Mtu abaki macho, hata hivyo.

Nabeba wageni wa Gombe. Wanalalamika kana inawagonga magoti.

Wana haki. Kana ya mita 1.2 ikizunguka digrii 35 kila upande inafagia karibu mita 1.4 kwa upana. Mashua ya upana wa mita 2 haina tena pa kuweka watu sita tezi. Hapa steringi ina hoja: inakaa mahali pamoja, mshikaji anasimama na kuona mbele juu ya vichwa vya watu. Kwa mashua ya mita 9 na kuendelea, inayolala nangani na kubeba abiria kila siku, tungeiweka.

Kabla ya kutumia hela hizo, jaribu kufupisha kana iwe sentimita 90 baada ya kusawazisha usukani kama tulivyoeleza, na uweke bawaba kichwani ili iinuliwe wima mkiwa mmesimama. Na kumbuka kwamba kwenda Gombe wakati wa kiangazi mawimbi yanakuja kutoka nyuma, mafupi na yamesimama. Tezi ikinyanyuliwa, una sekunde moja au mbili za kuirudisha kabla mashua haijakaa ubavu kwa wimbi. Kana inafanya hivyo kwa mvuto mmoja wa mkono.

Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari. Kutu si tatizo, au siyo?

Ni dogo kuliko baharini, si kwamba halipo. Chuma kilichopakwa zinki kinakaa miaka mingi. Mnyororo utiwe oili kila mwezi. Kinachowashangaza watu ni bushi za nailoni: nailoni hufyonza maji na kuvimba, na usukani uliokuwa laini Januari unakwama Machi bila kutu hata chembe. Toa bushi, ichongwe ndani ibaki nafasi ya milimita moja hivi ikiwa imeshaloweshwa majini wiki mbili, au tumia shaba nyeupe.

Nikiweka kana leo, naweza kuhamia steringi baadaye?

Unaweza, ikiwa usukani una mhimili unaopita ndani ya chombo. Acha sentimita 25 za mhimili wazi chini ya sakafu ya tezi, pasiwe na taruma wala tangi hapo, na robo duara itapata pa kukaa. Kwa usukani wa kuning'inia nje, utabaki na mpango wa kamba na ngoma. Kutoka steringi kurudi kwenye kana ni kazi ya siku moja: toa waya, chomeka kana ya dharura, uone kama unataka kuirudisha.